Baharini Hakuna Jirani

Katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, kati ya Southampton na New York, meli ikiishiwa chumvi haina wa kuiazima. Bomba likipasuka, fundi ni yule yule aliyepanda nayo. Moto ukizuka, zimamoto ni baharia na mhudumu waliokuwa kwenye shughuli zao dakika tano zilizopita. Mtu akizidiwa na maradhi, daktari na dawa lazima wawe wameshapanda kabla ya kung'oa nanga. Kila kitakachohitajika kwa siku saba kimefikiriwa, kimehesabiwa na kuwekwa mahali pake kabla kamba ya mwisho haijafunguliwa gatini. Watu husifu meli kubwa kwa anasa zake. Mimi nataka kuzisifu kwa ufundi huu mwingine, ufundi wa kuona mbele.

Mfano wangu ni Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard. Ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza safari yake ya kwanza ya abiria Januari 2004. Urefu wake ni mita 345, na kutoka mkukuni hadi ncha ya dohani ni mita 72. Huchukua abiria wapatao 2,600 na wafanyakazi zaidi ya 1,200. Abiria wengi huifahamu kwa kumbi zake, maktaba yake na hata vibanda vyake vya mbwa na paka. Lakini siku hizi katika meli nyingi kubwa wapo wageni wanaolipa ada ya ziada ili wapitishwe upande wa pili wa ile milango ya wafanyakazi. Wahenga wa pwani walishasema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayetaka kuijua meli hana budi kushuka.

Kuona mbele kulianzia kwenye meza ya mchoraji. Msanifu wa meli hii, Mwingereza Stephen Payne, alipokuwa mtoto alisoma katika kitabu cha mwaka cha Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC, kwamba meli za aina ile kuu ya kuvuka Atlantiki hazitajengwa tena. Akawaandikia barua kuwapinga. Miaka mingi baadaye alipopewa kazi ya kuthibitisha maneno yake, hakuchora meli ya matembezi ya bahari tulivu kisha akaipachika jina la heshima. Atlantiki ya Kaskazini wakati wa kipupwe haina huruma. Kwa hiyo aliipa omo refu na kali, ubavu wa chuma kingi kuliko meli za kawaida za utalii, na sitahani mbele akaweka ukuta wa kuvunja mawimbi uliofuata mfano wa Normandie, meli ya Kifaransa ya miaka ya 1930. Kanuni za kimataifa zilitaka boti za uokoaji zitundikwe takriban mita 15 juu ya maji. Hoja ya Payne ilikuwa kwamba katika bahari ile mawimbi yangezifikia na kuzivunja, na meli ikapata ruhusa maalumu ya kuzipandisha hadi mita 25. Abiria anayepita chini yake akienda kunywa chai hana haja ya kuyajua hayo. Aliyepaswa kuyajua aliyajua kabla chuma cha kwanza hakijakatwa.

Kwenye sitaha hiyo ya mbele yamelazwa mapanga manane makubwa ya chuma kinachong'aa, yamepinda kwa umbo la kupendeza, na ni rahisi mtu kudhani ni kazi ya mchongaji sanamu. Ni vipuri vya rafadha. Rafadha za meli hii zimeungwa kwa bolti, panga moja moja, ili likiharibika moja libadilishwe hilo peke yake. Na kwa kuwa panga la ukubwa ule halipatikani dukani, meli husafiri na ya kwake ya akiba.

Sasa tushuke. Chini ya sitaha za abiria zulia linakoma, mbao za kunakishiwa zinakoma, na mbele yako unanyooka ujia mrefu wa bati lililopakwa rangi, wenye mabomba darini na alama za mistari sakafuni. Huu ndio mtaa mkuu wa wafanyakazi. Watu hupita kwa haraka bila kugongana, mwenye toroli akipewa njia na asiye nayo. Milango ya pembeni inaelekea stoo, jikoni, kwa dobi, kwa seremala, kwa mchapaji wa menyu.

Stoo ndiko kuona mbele kunakopata hesabu. Huko Brooklyn, New York, meli hufika alfajiri na kuondoka siku hiyo hiyo. Katika saa hizo chache maelfu ya watu hushuka, maelfu wengine hupanda, na kwenye mlango wa ubavuni paleti za chakula huingia mfululizo. Mkuu wa stoo kazi yake ya kwanza ni kukataa. Hupima joto la nyama na maziwa kabla ya kuyapokea. Huchagua tunda moja kutoka kasha la katikati, wala si la juu, akalipasua kulitazama ndani. Katika meli zinazojali usafi, maboksi ya karatasi hayaruhusiwi kupita mlangoni hivi hivi, kwa sababu mende hupenda kutaga mayai kwenye mikunjo yake. Vilivyomo huhamishiwa kwenye makasha ya plastiki na boksi likarudi nchi kavu.

Baada ya hapo kila kitu kina chumba chake cha baridi, na kila chumba kina joto lake: nyama peke yake, samaki peke yao, maziwa, mboga, matunda. Ndizi mbivu hutengwa, kwa maana hutoa hewa inayoharakisha kuiva kwa majirani zake. Kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. Nyama iliyoganda haitolewi siku ya kupikwa. Huhamishiwa mapema kwenye chumba cha kuyeyushia barafu, ilainike polepole bila kuharibika. Maana yake ni kwamba mchinjaji anajua leo abiria wataagiza nini keshokutwa, ilhali abiria wenyewe hawajafikiria. Anajua kwa sababu safari zilizopita ziliandikwa: walikula samaki wangapi siku ya mawimbi, waliacha nyama kiasi gani siku ya karamu.

Jikoni jambo la kwanza unaloliona ni kwamba hakuna ndimi za moto. Majiko ni ya umeme, kwani moto wa wazi ni adui wa chombo. Juu ya majiko kuna vyuma vya kuzuia sufuria zisiteleze meli inapoyumba, na meza zina kingo zilizoinuliwa. Vibao vya kukatia vina rangi: kimoja cha nyama mbichi, kingine cha samaki, kingine cha mboga, na mpishi anayekosea rangi hukemewa kana kwamba amekata kidole. Ukali huo una sababu. Maradhi ya kuhara yakiingia kwenye meli hayana pa kwenda ila kwa mtu mwingine. Shirika la afya la Marekani, CDC, limekuwa likikagua usafi wa meli za abiria tangu miaka ya 1970. Wakaguzi hupanda bila kutoa taarifa, hutoa alama hadi 100, na meli ikipata 85 au chini ya hapo imefeli, na matokeo hutangazwa kwa umma. Mpishi mkuu anayejua kwamba mtihani waweza kufika asubuhi yoyote huishi kana kwamba umefika leo.

Usiku wa manane, abiria wakiwa wamelala, waokaji wanakanda unga. Mkate unaoliwa katikati ya bahari haukuletwa kutoka mjini; unga ndio ulioletwa. Mwokaji hupapasa donge kwa kiganja kuliko kutazama saa, kwani unyevu wa hewa ya baharini hubadilika na unga hubadilika nao. Akiona linanata, huongeza unga kidogo mno, akasubiri.

Lakini kama ningeambiwa nichague mahali pamoja pa kusimama, ningesimama kwa dobi. Kuna joto, kuna kelele za mashine, na kazi haikatiki. Shuka, taulo, vitambaa vya meza na sare za wafanyakazi hushuka kutoka kila sitaha. Shuka linalotoka kwenye mashine ya kukamulia bado lina unyevu. Watu wawili husimama mbele ya mashine ya kupigia pasi, yenye mapipa marefu ya moto yanayozunguka. Kila mmoja hushika pembe yake kwa dole gumba na kidole cha shahada. Hulikung'uta mara moja, pamoja, na mikunjo mikubwa hukimbia. Kisha hulaza pindo kwenye mkanda, limenyooka kama mstari wa rula, na huliachia kwa pamoja. Mashine hulivuta, na upande wa pili linatoka kavu, laini, tayari kwa kukunjwa.

Siri yote iko katika lile neno pamoja. Mmoja akiachia kabla ya mwenzake, shuka huingia upande, hutoka na kunyanzi iliyopigwa pasi ikawa ya kudumu, na kazi hurudiwa tangu mwanzo. Kwa zile kelele hawawezi kuhesabu moja, mbili, tatu. Kila mmoja husoma bega la mwenzake. Macho nayo hayapumziki: katika nukta mbili ambazo shuka limetandazwa hewani, mmoja ameshaona doa la mvinyo, amelivuta kabla halijafika kwenye mkanda, amelitupa kwenye kapu la nyuma bila kugeuka. Doa likipita kwenye joto lile haling'oki tena. Huu ni ustadi wa mikono uliopatikana kwa kurudia, na hauandikwi kwenye cheti chochote.

Nyuma ya mashine za kukaushia yapo machujio ya kunasa vumbi la nyuzi, na kwenye orodha ukutani zimewekwa saa za kuyasafisha, na sahihi ya aliyesafisha. Vumbi lile huwaka upesi kuliko karatasi. Aliyeweka sahihi amezuia moto ambao hakuna atakayejua kwamba ungetokea.

Hata takataka zina mafundi wake. Kwenye chumba cha taka watu waliovaa glavu nene huchambua kila mfuko kwa mkono: chupa zivunjwevunjwe, makopo yashindiliwe, karatasi zichomwe kwenye tanuri, plastiki itunzwe hadi bandarini. Vijiko na uma vilivyopotelea kwenye mabaki ya sahani hupatikana hapa, vikarudishwa jikoni. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unakataza kabisa kutupa plastiki baharini, popote pale, na kanuni hiyo imekuwa na nguvu tangu mwisho wa 1988. Kwa hiyo meli lazima iwe imetenga nafasi si ya vitu itakavyotumia tu, bali pia ya kile kitakachobaki baada ya kutumiwa.

Ngamani kabisa kuna mitambo. Mgeni kwa kawaida huishia kwenye chumba cha udhibiti, penye vioo, saa za vipimo na wahandisi wanaozungumza kwa sauti ya chini. Queen Mary 2 ina injini nne za dizeli chini na turbini mbili za gesi juu, karibu na dohani, kwa sababu turbini huhitaji hewa nyingi na kuzileta huku chini kungekula nafasi kwa mifereji mipana. Hakuna mtambo hata mmoja kati ya hiyo unaozungusha rafadha moja kwa moja. Yote huzalisha umeme, na umeme huo hugawanywa: taa, majiko, baridi, na mota nne zilizofungwa ndani ya makasha yanayoning'inia chini ya tezi, kila moja megawati 21.5. Mota mbili zimekazwa mahali pake, mbili za nyuma hugeuka pande zote, ndiyo maana meli hii haina usukani wa kawaida majini. Ikihitajika huweza kufikia noti 30, yaani kilomita 55 hivi kwa saa.

Mhandisi mzuri hutambulika kwa jinsi anavyosikiliza. Vipimo vyote vimo mbele yake kwenye skrini, lakini bado kila zamu mtu hutembea katikati ya injini, akaweka kiganja juu ya bomba, akanusa, akatazama chini kama kuna tone la mafuta ambapo jana hapakuwa na tone. Anachokiona hukiandika, na anayempokea zamu hukisoma kabla ya kushika kazi.

Na hapa ndipo nilipoustaajabia ufundi huu zaidi ya pengine pote: maji. Meli inaelea juu ya maji yasiyonyweka, na maelfu ya watu wanaoga, wananywa, wanafuliwa. Injini hutoa joto jingi ambalo lingepotea bure. Joto hilo hupelekwa kwenye mitambo mitatu ya kukeneka maji ya bahari. Ndani yake hewa imepunguzwa, na pale mgandamizo wa hewa ulipo mdogo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo joto la ziada la injini latosha. Mvuke hupanda, chumvi hubaki, mvuke hupoa ukawa maji matamu. Kila mtambo una uwezo wa kutoa lita 630,000 kwa siku. Maji yaliyokenekwa hayana madini, hayana ladha na hula mabomba, kwa hiyo hurudishiwa madini kidogo, hutiwa dawa, hupimwa, ndipo yanapanda juu. Nguvu inayoisukuma meli mbele ndiyo hiyo hiyo inayowapa watu maji ya kunywa.

Tupande sasa hadi chumba cha kuongozea, mwisho wa ziara nyingi. Meli ikikaribia New York, rubani wa bandari huja kwa boti ndogo na kupanda kwa ngazi ya kamba hadi kwenye mlango wa ubavuni, boti ikipanda na kushuka chini yake. Nahodha anajua bahari yote. Rubani anajua maji haya, mkondo huu, saa hii. Mbele kuna daraja la Verrazzano-Narrows, na dohani ya Queen Mary 2 ilichorwa fupi kuliko ambavyo ingependeza ili ipite chini yake kwa nafasi ya mita chache tu.

Sikiliza wanavyosemezana. Rubani husema, "Kushoto kumi." Mshika usukani hurudia, "Kushoto kumi." Hugeuza, mshale wa kipimo ukafika kwenye kumi, husema tena, "Kushoto kumi, imefika." Afisa mwingine ametazama mshale ule ule kwa macho yake. Hakuna anayeitikia kwa kichwa, hakuna anayesema "sawa" peke yake. Amri isiyorudiwa huhesabiwa kuwa haikusikika. Kosa la sikio, ambalo nchi kavu lingeishia kwenye kicheko, hapa hufa ndani ya nukta mbili kabla halijawa kosa la meli. Karibu na gati, nahodha huhamia kwenye roshani ya pembeni inayochomoza nje ya ubavu, akaona ukuta wa gati chini yake, na kwa kijiti kidogo cha kushika kwa vidole akaisogeza meli ya mita 345 kwa ubavu hadi ikatulia. Yote huandikwa kwenye batli, saa na dakika.

Juu ya shughuli hizi zote kuna kazi ya pili ambayo kila mtu anayo. Dobi, mpishi, mpiga kinanda na mhasibu, kila mmoja ana namba yake na mahali pa kukimbilia king'ora kikilia. Mmoja huvuta mpira wa maji, mwingine huhesabu watu, mwingine husimama kwenye ngazi kuwaelekeza abiria. Huyafanyia mazoezi kila mara, hata wakiwa wamechoka. Utaratibu huu ulinunuliwa kwa roho za watu. Titanic ilizama 1912, na mwaka 1914 ukaandikwa mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Meli ya Costa Concordia ilipinduka mwambaoni mwa Italia mwaka 2012 kukiwa na abiria waliokuwa hawajafanyishwa zoezi lolote, na tangu Januari 2015 kanuni inataka abiria wapya waelekezwe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Hukumu yangu ni hii. Anasa za meli yaweza kuwa nazo hoteli yoyote yenye fedha. Heshima ya meli iko kwa yule aliyefungua boksi la karatasi mlangoni, aliyeweka sahihi kwenye chujio, aliyerudia amri aliyokwisha kuisikia vizuri. Kijana anayesoma leo Bandari Maritime Academy, Mombasa, au Chuo cha Bahari Dar es Salaam, asidhani kwamba heshima hiyo inaanzia kwenye kofia ya nahodha. Inaanzia kwenye zamu ya kwanza, kwenye kazi ndogo kabisa atakayopewa.

Nasi tusiopanda meli za namna hii tuna vyombo vyetu, na sheria ya maji ni ile ile. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Vyote vitatu vilikuwa vimejaza watu kupita uwezo wake, na mamia kwa mamia ya watu wetu hawakurudi. Kuhesabu abiria na kufunga mlango pale idadi inapotimia hakuhitaji mitambo ya Ufaransa wala fedha za Cunard. Kunahitaji mtu anayeona mbele, na abiria anayemuunga mkono. Basi ukipanda boti ya Unguja au kivuko cha ziwani, tazama jaketi za kuokolea ziko wapi, sikiliza tangazo hadi mwisho, na ukiona chombo kimejaa, shuka usubiri kingine.